Japuonj: Walimu Waliojenga Timu Kati ya Otonglo na Maseno

Kwa Kijaluo, otonglo ni senti kumi: ile sarafu ya enzi za ukoloni yenye tundu katikati. Leo ni jina la soko na kituo cha matatu magharibi mwa Kisumu, ukishaupita uwanja wa ndege, kwenye barabara ya Busia. Ukiendelea mbele unafika Kisian, ambako njia ya Bondo inachepuka kushoto. Kisha barabara inaanza kupanda, joto la ziwa linabaki nyuma, na baada ya muda mfupi uko Maseno, kwenye mstari wa Ikweta.

Ni kipande kifupi cha lami, lakini kina shule nyingi kandokando. Saa kumi jioni, kengele ya mwisho ikishalia, karibu kila shule ina uwanja wenye vumbi, milingoti miwili kila upande, na mtu mzima mmoja mwenye filimbi shingoni. Mchana alikuwa akifundisha hisabati au jiografia. Jioni anafundisha namna ya kukaba, namna ya kupokea mpira bila kuutazama, na namna ya kunyamaza refa akikosea. Vijana hawamwiti kocha. Wanamwita mwalimu, na wakiongea lugha ya nyumbani, japuonj.

Jina hilo halikuja kwa bahati. Hata Tanzania, magazeti ya michezo huandika “mwalimu wa Simba” au “mwalimu wa Yanga” wakiwa na maana ya kocha mkuu, awe Mbrazili au Mserbia ambaye hajawahi kushika chaki maishani. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, neno hilo lilikuwa na maana yake halisi. Kazi ya ukocha ilizaliwa darasani, na kwa sehemu kubwa ya karne nzima iliyopita aliyeijenga timu, na kuijenga tena ilipobomoka, alikuwa mtu mwenye ratiba ya vipindi mfukoni.

Wajaluo walikuwa na mchezo wao kabla ya huu. Adhula ulichezwa kwa fimbo na mpira mdogo, na Mzungu aliyeuona angesema ni magongo. Mpira wa miguu ulikuja na reli na msalaba, na kuna sababu ya kuamini kwamba hapa Nyanza ulitokea magharibi, upande wa Uganda, zaidi ya kutokea Mombasa. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya kujulikana kama Kisumu. Lakini wakati huo sehemu hii yote ilikuwa bado mkoa wa mashariki wa Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Serikali ilihamisha mpaka, kanisa halikuhama. Wamisionari wa Kianglikana wa Nyanza waliendelea kuwa chini ya dayosisi ya Uganda, na Uganda ilikwisha kuwa na soka: kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, misheni yao, CMS, ilianza kuucheza mwaka 1897.

Mwaka 1906 Waanglikana walifungua shule mbili zilizokuja kuwa mashuhuri. Moja ni King's College Budo, karibu na Kampala. Nyingine ni Maseno. Aliyeianzisha Maseno, J. J. Willis, alirudi Uganda na mwaka 1912 akawa askofu wa huko. Ukizitazama hizo shule mbili kama dada wa tumbo moja, unaelewa kwa nini uwanja wa mpira ulikuwa sehemu ya ramani ya Maseno sawa na kanisa na bweni. Wamisionari wa kizazi kile waliamini kwamba mchezo wa timu unamfundisha kijana nidhamu, subira na kutii sheria asiyoitunga yeye. Hilo la mwisho liliwafaa wakoloni vilevile. Wanafunzi nao walikuwa na sababu zao za kuupenda: ndiyo saa pekee ya siku waliyoruhusiwa kupiga kelele.

Wakatoliki wa Mill Hill nao hawakukaa mbali. Misheni yao ya Ojola iko jirani tu na Otonglo, na St. Mary's Yala, shule aliyosoma Tom Mboya, iko mbele kidogo ya Maseno ukielekea Busia. Kati ya wafuasi wa Roma na wafuasi wa Canterbury palikuwa na ushindani wa kila aina.

Mtu aliyeipa kazi hii sura yake ni Edward Carey Francis. Alizaliwa mwaka 1897, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akawa mwalimu wa hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, kazi ambayo wengi wangeing'ang'ania hadi kaburini. Mwaka 1928 akaiacha, akapanda meli, akaja kuwa mkuu wa shule ya Maseno. Hapo alikaa hadi 1940, alipohamishiwa shule ya Alliance, Kikuyu. Alipenda soka kwa dhati na hakuona haya kuwa uwanjani pamoja na wanafunzi wake. Alikuwa mkali, mwenye mila za kikoloni ambazo leo zingemtia matatani, na baadhi ya vijana wake walitoka wakiwa wapinzani wakubwa wa serikali yake. Lakini alileta wazo moja lililobaki: kwamba mkuu wa shule anaweza kuhesabu timu yake kuwa sehemu ya masomo, si pumziko la masomo. Alipostaafu Alliance mwaka 1962 hakurudi Uingereza kulea maua. Alikwenda kufundisha Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, na alikuwa bado anafundisha huko alipofariki mwaka 1966.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake Maseno ni Jaramogi Oginga Odinga. Baada ya Alliance na Makerere, Odinga alirudi Maseno kufundisha, kisha akasimamia shule ya mifugo hapohapo, kabla ya kuacha ualimu na kuanzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading mwaka 1947. Mwalimu mwingine wa Maseno, B. A. Ohanga, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa waziri Kenya, mwaka 1954. Hakuna anayedai kwamba hawa walikuwa makocha. Wanatajwa kwa sababu wanaonyesha mwalimu alikuwa nani katika Nyanza ya wakati ule: kiongozi wa chama, katibu wa kikundi cha akiba, mwandishi wa barua za kijiji, na mtu wa kwanza kuulizwa kijiji kilipotaka kuanzisha chochote, iwe kisima, ushirika au timu.

Na walimu hao walihitaji mahali pa kufundwa. Upande wa pili wa barabara ya Maseno kulikuwa na chuo cha ualimu cha Siriba. Aliyehitimu pale alipelekwa kwenye shule ambayo mara nyingi ilikuwa na walimu wachache tu, na mwenye miguu iliyo bado na nguvu ndiye aliyekabidhiwa mpira. Hakupewa kozi ya ukocha. Alifundisha alivyofundishwa, na kilichokosekana alikibuni.

Mashindano yenye hadhi yalikuwepo ya kuwapa shabaha. Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na kampuni ya sabuni ya Uingereza, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikajiunga 1945 na Zanzibar 1949. Wengi walicheza bila viatu, na si kwa umaskini peke yake: Uganda ilipozuru Uingereza mwaka 1956, wachezaji wake wengi waliingia uwanjani pekupeku mbele ya Waingereza waliovaa njumu. Mwalimu wa kijijini hakuwa na haja ya kuomba bajeti ya viatu. Alihitaji mpira mmoja, na kiraka cha kuuziba pancha.

Kilichovunwa na walimu hao kililiwa mjini. Reli iliyowaleta Wazungu Kisumu iliwachukua vijana wa Nyanza kwenda Nairobi, Nakuru, Mombasa na Kampala kutafuta kazi, nao walibeba mpira wao. Umoja wao wa kusaidiana, Luo Union, ulikuwa na timu ya jina hilohilo, na mwaka 1964, mwaka wa pili wa ligi ya taifa, timu hiyo ikawa bingwa. Tarehe 17 Februari 1968 Luo Union iliungana na Luo Stars, ikazaliwa Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, kusini mwa Nyanza. Ilichukua ubingwa mwaka uleule.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya. Tom Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali mpya, ghasia zikazuka na askari wakafyatua risasi ndani ya umati. Chama cha Odinga kikapigwa marufuku, naye akafungwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo mkutano wa siasa Nyanza ulihitaji kibali kisichotoka, lakini mechi ya Gor Mahia haikuhitaji. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini shabiki wa Gor analia machozi ya kweli anapaswa kuanzia hapo, si kwenye jedwali la ligi.

Jedwali lenyewe pia lilipendeza. Gor walikuwa mabingwa bila kufungwa hata mechi moja mwaka 1976. Luo Union, iliyokuwa imefufuliwa, ilitwaa ligi mwaka 1975 na kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, kabla ya amri ya serikali kuondoa majina ya kikabila kwenye vilabu. Ikawa Reunion. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor, kwa kuwa lilikuwa jina la mtu, likapona.

Hapa ndipo neno “kocha” lilipoanza kutengana na neno “mwalimu”. Vilabu vilianza kuajiri wageni. Len Julians, mshambuliaji wa zamani wa Arsenal, aliifundisha Gor katikati ya miaka ya 1980. Mwingereza mwingine, Jack Johnson, ndiye aliyekuwa benchini mwaka 1987, Gor ilipotwaa kombe la washindi wa Afrika, wakati huo likiitwa Kombe la Mandela. Fainali ilikuwa dhidi ya Espérance: sare ya 2-2 mjini Tunis, kisha 1-1 Kasarani mwezi Desemba, na mabao ya ugenini yakaamua. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la Afrika. Johnson alistahili sifa zote. Lakini Austin Oduor, Peter Dawo na wenzao hawakufundishwa kupiga mpira na Johnson. Walifika jikoni kwake wakiwa wameshapikwa. Yeye aliongeza chumvi na kuepua.

Si kwamba wenyeji walikosa uwezo wa benchi. Marshall Mulwa aliiongoza timu ya taifa, Harambee Stars, kutwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Na wasomaji wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa James Siang'a. Alikuwa kipa wa Gor Mahia na wa kikosi cha Kenya kilichokwenda fainali za Afrika mwaka 1972. Mwaka 2003, akiwa mwalimu wa Simba, aliivua Zamalek ubingwa wa Afrika jijini Cairo kwa mikwaju ya penalti. Siang'a alifariki mwaka 2016. Wapo mashabiki wa Simba wanaoamini kwamba usiku ule wa Cairo ndio ukocha mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa na mtu wa Afrika Mashariki, na ni vigumu kuwabishia.

Turudi barabarani, Kisian kwenda juu.

Tofauti kati ya klabu na shule ni hii: klabu hujengwa upya ikianguka, shule hujengwa upya kila Januari, hata ikiwa imeshinda. Mshambuliaji bora akifanya mtihani wake wa mwisho Novemba, amekwenda. Beki aliyemchukua mwalimu miaka mitatu kumfanya asikimbilie mpira kama kuku aliyeona mtama, naye amekwenda. Mwalimu anabaki na filimbi na orodha ya watoto wapya ambao wengine hawajui mguu wao wa nguvu ni upi. Kocha wa klabu akisema “tuko katika kipindi cha kujenga upya”, anaomba radhi. Mwalimu wa shule akisema hivyo anataja tu kazi yake.

Marekani, ambako mpira wa vyuo vikuu unachezwa kwa mikono zaidi ya miguu na mpira wenyewe una umbo la yai, kazi hiyohiyo imekuwa biashara kubwa. Katika majimbo mengi kule, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha wa chuo kikuu, si gavana wala daktari. Desemba 2022 Chuo Kikuu cha Colorado kilimwajiri Deion Sanders, nyota wa zamani, baada ya timu kushinda mechi 1 na kupoteza 11. Sanders aliwaondoa wachezaji wengi waliokuwepo, akaleta wengine kutoka vyuo vingine, maana sheria mpya za uhamisho ziliruhusu. Mwaka 2023 akashinda 4 na kupoteza 8. Mwaka 2024 akashinda 9 na kupoteza 4. Huko ndiko kujenga upya kwa pesa.

Wanaoifuatilia michezo ya shule Kenya watatabasamu, kwa sababu uhamisho wa namna hiyo wanaujua tangu zamani, bila hayo mamilioni. Kijana wa Kidato cha Pili anayefunga mabao katika shule ndogo ya kutwa husikia ghafla kwamba shule kubwa imempatia nafasi na karo imelipwa. Vigogo wa soka la shule upande wa magharibi, kuanzia Kakamega High na jina lao la Green Commandos hadi Kisumu Day, wamekuwa sumaku kwa miaka mingi. Chama cha michezo ya shule kimejaribu kuweka vikomo vya umri na uhamisho. Mwalimu wa shule ndogo hana kamati ya kukata rufaa. Anaambiwa na mzazi, anamshika kijana mkono, anamtakia heri, kisha anaanza kumtafuta mwingine.

Mifumo ya elimu nayo imemtikisa kuliko mpinzani yeyote. Hadi 1989, shule kubwa kama Maseno zilikuwa na Kidato cha Tano na cha Sita. Maana yake mwalimu wa michezo alikuwa na vijana waliokomaa, wenye miaka sita katika shule, wanaoweza kuwafunza wadogo zao bila yeye kunyanyua sauti. Mfumo mpya wa 8-4-4, usio na vidato hivyo, ulipokamilika, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita ukafanywa mwaka 1989 na ile miaka miwili ikafutwa. Waliovuka wakaingia vyuo vikuu kwa wingi mno, makundi mawili kwa mpigo, na serikali ikakimbilia kufungua vyuo vipya. Mwaka 1990 Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali iliyokuwa jirani yake viliunganishwa kuwa chuo kishiriki cha Moi, ambacho mwongo mmoja baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Maseno.

Ni mgeuko wa ajabu ukiufikiria. Chuo kilichowatoa walimu wa michezo kikawa chenyewe chuo kikuu chenye timu, na kwa hiyo chenye kazi ileile ya kujenga upya isiyokwisha. Mwanafunzi anakaa miaka minne. Mwaka wa kwanza anazoea chakula, wa pili anapata namba, wa tatu anakuwa nahodha, wa nne anapelekwa mazoezi ya kazi kaunti nyingine siku ya mechi. Kocha wa chuo kikuu Kenya hashindani na vyuo vingine tu. Anashindana na klabu inayomhitaji kijana huyohuyo Jumapili hiyohiyo na inayoweza kumpa nauli na chochote juu yake.

Wachache wameweza kubeba vyote viwili. Michael Olunga alisoma Upper Hill, Nairobi, akaingia Technical University of Kenya kusoma uhandisi huku akicheza ligi, na mwaka 2015 akaifungia Gor Mahia mabao 19 katika msimu ambao haikufungwa hata mechi moja, kama ile ya 1976. Mashabiki wakamwita Injinia. Mwaka 2020, akiwa Kashiwa Reysol ya Japani, alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 28 na akachaguliwa mchezaji bora wa msimu. Ukimtaja kwenye uwanja wowote kati ya Otonglo na Maseno, mwalimu atakukatiza na kuwaambia wanafunzi: mnasikia, alikuwa anasoma.

Gor yenyewe, baada ya ukame wa miaka 18 uliokatika mwaka 2013 chini ya Bobby Williamson wa Scotland, imekuwa na makocha wakuu zaidi ya kumi: Mskoti mwingine, Mbrazili, Waingereza, Mturuki, Mreno, Mjerumani. Johnathan McKinstry wa Ireland Kaskazini aliikuta mwaka 2022 ikiwa nje ya mashindano ya Afrika kwa sababu FIFA ilikuwa imeisimamisha Kenya nzima, akaiinua, akatwaa ligi ya 2023 na 2024, kisha akaondoka kwenda kuifundisha Gambia. Huo ni ujenzi mzuri. Ulidumu misimu miwili.

Upande wa pili wa ziwa kuna mfano unaowakera na kuwavutia wenzao wa Kisumu kwa pamoja. Lawrence Mulindwa, mwenye shule ya St. Mary's Kitende nje ya Kampala, aliifanya shule yake mashine ya mataji, kisha akajenga klabu, Vipers, na mwaka 2017 akaifungulia uwanja hapohapo Kitende. Vipers imekuwa bingwa wa Uganda mara kadhaa. Shule ikaimeza ligi. Nyanza ilikuwa na kila kiungo cha mchuzi huo, isipokuwa mtu aliyekuwa tayari kuweka sufuria.

Kilichowekwa badala yake ni vilabu vya viwanda vya sukari. Kwa miaka mingi kijana aliyemaliza Kidato cha Nne bila alama za chuo kikuu alikuwa na mahali pa kwenda: Chemelil, Muhoroni, Awendo. Timu ya kiwanda ilimpa sare ya kazi na jezi. SoNy Sugar ya Awendo ilifika hadi kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Kisha sukari ikadorora. Mwaka 2019 SoNy walifukuzwa ligi kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu, na Chemelil wakashuka mwaka uliofuata. Kisumu ikapata uwanja mkubwa mpya Mamboleo, uliotumiwa kwa sherehe za Siku ya Madaraka 2021, wakati ule ule ambapo ngazi ya kumfikisha kijana hapo ilikuwa ikipungua vipago.

Mwalimu alibaki, ingawa naye hakuachwa kwa amani. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ilianza mwaka 2018 kuwahamisha walimu nje ya kaunti zao, na programu za michezo zilizojengwa kwa miaka zikavunjika kwa barua moja. Sera hiyo ililegezwa baadaye. Halafu ikaja korona. Michezo ya shule haikuchezwa 2020 wala 2021, na waliokuwa Kidato cha Tatu mlipuko ulipoanza walimaliza shule bila kuvaa jezi tena. Mwanariadha anaweza kukimbia peke yake kijijini. Beki wa kati hawezi.

Na sasa ni pigo jingine, la kalenda. Waliofanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, Novemba 2023 waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, na ndio wa mwisho wa 8-4-4. Wadogo zao, wa mtaala mpya, walibaki shule za msingi hadi Gredi ya 9. Kwa hiyo Januari 2025 hakuna mtoto mpya aliyeingia shule ya sekondari Kenya nzima. Kwa kila mwalimu wa mpira, mwaka mmoja wa mavuno ulifutwa: hakuna wa kumjaribu pembeni, hakuna wa kumweka benchi ajifunze kwa kutazama. Shule za kutwa zilizo na wanafunzi wachache ziliumia zaidi, maana kwao kikosi cha kumi na mmoja tayari kilikuwa hesabu ngumu.

Mtaala mpya unaahidi kulipa deni hilo kwa namna yake. Sekondari ya juu sasa ina mikondo mitatu: sayansi, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Kwa mara ya kwanza tangu Willis afungue mlango Maseno, kijana anaweza kuandikishwa shuleni kwa ajili ya mchezo na kutahiniwa kwa huo, na mwalimu wa filimbi anaweza kuwekwa kwenye ratiba ya asubuhi. Je, shule zenye walimu wawili wa sayansi kwa wanafunzi mia nne zitampata wapi huyo wa michezo? Wizara haijalijibu hilo kwa namna inayoridhisha, na uwanja wa vumbi unabaki ule ule.

Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026. Kikosi cha shule mwaka huu kina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne, na hakina kitu katikati. Kidato cha Nne kinaondoka Novemba.